Nilishika Simu Tu: Je, Huo Nao ni Uongo?



Wiki hii sina tafakari ya Injili ya Dominika. Nina habari ya simu. Ni simu yangu mwenyewe, niliyoishika karibu saa nzima likizo iliyopita nyumbani Nyangamara, nikiwa nimekaa kwenye kigoda mahali ambapo kamera hainioni. Muda wote huo sikufungua mdomo. Kama kusema uongo ni kusema, basi mimi sikusema uongo. Hoja hiyo nilijitetea nayo siku kadhaa, na kwa kuwa nimesomea falsafa, nilijitetea vizuri sana.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amemaliza shahada ya sayansi ya kompyuta. Tangu ahitimu ameomba kazi mpaka ameacha kuhesabu. Ameshapitia usaili wa serikali, ule wa Ajira Portal ambao wengi wenu mnaujua: mchujo kwanza, halafu vitendo, halafu mahojiano, na kila hatua ina nauli yake. Kati ya usaili na usaili, analima. Mwezi wa sita ulimkuta shambani na mama yake wakivuna ufuta. Ndipo kampuni moja ya Dar es Salaam (sitaitaja) ikamwandikia kwamba amefaulu jaribio la mtandaoni, sasa anaitwa kwenye usaili wa kiufundi kwa simu ya video.

Kwa wasioujua usaili wa namna hii, niseme kidogo, maana hata mimi nilikuwa siujui. Anayeomba kazi ya uhasibu huulizwa alifanya kazi wapi. Mwandishi wa programu huwekwa mbele ya ukurasa mtupu, anapewa fumbo, anaambiwa aandike kodi (siyo ile ya TRA) huku msaili anamtazama, na huku akieleza kwa sauti anachokifikiri. Fumbo la kawaida ni kama hili: una orodha ya namba elfu kumi, tafuta mbili ambazo ukizijumlisha zinatoa jumla uliyopewa. Mwenye haraka atalinganisha kila namba na kila namba nyingine, na hizo ni karibu jozi milioni 50. Aliyefundwa anaipita orodha mara moja tu. Kila namba anayoipita anaitunza kwenye jedwali, na kila akikutana na mpya anaangalia kama mwenzake ameshapita. Mdogo wangu alinieleza hili kwa kokwa za korosho juu ya mkeka, na mimi ambaye hesabu zilinishinda kidato cha pili nikaelewa. Nasema hivi ili mjue kwamba kijana anajua kazi. Sizungumzii mtu wa vyeti vya kununua.

Usiku wa kuamkia siku ile akanifuata barazani.

"Frateri," akasema (nyumbani wote siku hizi wananiita hivyo, hata walionichapa utotoni), "kesho kaa na mimi. Wakiuliza kitu kigumu, piga picha skrini, itume kwa akili mnemba, halafu nishikie simu pale juu ya laptopu nisome."

"Si wamekataza?"

"Wamekataza. Ila wote wanafanya hivyo."

Nikanyamaza. Mama mdogo alikuwa jikoni anasonga ugali, amesikia kila kitu. Hakutoka. Akasema kutoka hukohuko, "Msaidie mdogo wako, baba." Ile laptopu ilinunuliwa kwa ufuta wake wa misimu miwili. Sikuwa na jibu la kumpa mama huyo, na sitajifanya kwamba nilikuwa nalo.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi, akalimaliza mwenyewe, hata msaili akacheka naye kidogo. Swali la pili likawa la vijiji na barabara: una vijiji kadhaa, kila barabara ina gharama yake, tafuta njia ya gharama ndogo kutoka kimoja hadi kingine. Hili lina jibu maarufu. Mholanzi Edsger Dijkstra alilifikiria mwaka 1956 akiwa amepumzika kwenye mkahawa Amsterdam, akalichapisha mwaka 1959, na hadi leo programu nyingi za ramani zinategemea wazo hilo. Mdogo wangu alilisoma chuoni. Alilijua nusu. Akaandika mistari minne akakwama, na macho yake yakaja kwangu.

Nikapiga picha. Nikatuma. Nikanyanyua simu.

Akaandika jibu lote. Msaili akamwuliza, je, kama barabara moja ina gharama hasi, yaani ukipita unalipwa badala ya kulipa, njia yako bado itafanya kazi? Nikatuma na hilo. Jibu likaja: hapana, kwa sababu kijiji kikishapewa gharama ndogo kuliko vingine hufungwa, hakiangaliwi tena, na ile barabara hasi inaweza kuja baadaye kuonyesha kwamba kulikuwa na njia ya bei nafuu zaidi. Akalisoma polepole, anajikuna kichwa kama mtu anayefikiri. Kule kujikuna kichwa nakukumbuka kuliko yote. Msaili akasema vizuri sana. Siku mbili baadaye ukaingia ujumbe: umepita, hatua inayofuata ni mazungumzo na mkurugenzi.

Nyumba nzima ilifurahi. Kuku akachinjwa. Mimi nilikula.

Sasa tuje kwenye zile hoja zangu, maana naamini baadhi yenu mnazo hizohizo mfukoni.

Ya kwanza nimeshaitaja: sikutamka neno. Tena hata mdogo wangu hakutamka neno la uongo. Kila alichosema kuhusu Dijkstra kilikuwa kweli tupu! Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili vizima kuhusu uongo, na nilikumbuka kutoka darasani kwamba anatilia mkazo nia ya kudanganya. Nikajiambia nia yetu ilikuwa kupata kazi, siyo kudanganya. Hoja nyembamba, lakini usiku mtu hushikilia hata nyembamba. Kilichoivunja ni Tomaso wa Akwino, ambaye ninaye kwenye simu, simu ileile. Katika Summa Theologiae, sehemu inayoitwa ya pili ya pili, baada ya swali la 110 kuhusu uongo linafuata la 111 kuhusu kujifanya, na hapo Tomaso hana mzaha: matendo nayo ni ishara kama maneno. Mtu anayejionyesha kwa tendo kuwa vile asivyo amefanya kitu kilekile anachofanya anayesema uongo kwa mdomo. Kujikuna kichwa ni sentensi. Ilisema, "haya yanatoka humu." Hayakutoka humo.

Lakini kusema kweli sikumhitaji Tomaso. Msimu wa ufuta huku kwetu Lindi kila mtu anajua habari ya mchanga. Ufuta unauzwa kwa stakabadhi ghalani, unaupeleka kwenye chama, unapimwa, unasubiri mnada. Na kila msimu wapo wanaochanganya mchanga kidogo ili gunia liwe zito. Gunia lenye mchanga halisemi neno. Linakaa tu juu ya mizani.

Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi, na sehemu yake bado naishikilia. Nilisema usaili wenyewe hauna haki. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ambayo watu wengi wa kazi hiyo wanaitumia, aliandika hadharani kwamba Google walimkataa kwa sababu alishindwa fumbo la kugeuza mti wa data ubaoni. Wahandisi wao wenyewe walikuwa wanatumia kazi ya mikono yake! Sasa mizani inayomkataa mtu kama huyo inapima nini? Zipo pia kampuni zinazompa kijana kazi ya kufanya nyumbani siku tatu nzima bila senti moja, halafu zinakaa kimya, hata "hapana" hazimwandikii. Mimi huo nauita wizi mdogo wa jasho, na siku nikijaliwa kuhubiri mbele ya waajiri nitausema madhabahuni.

Ila angalieni hoja hii inakoelekea. Mizani ya chama ikiwa mbovu, dawa ni kuilalamikia mizani, au kutouza pale. Mchanga hauitengenezi. Unamwibia mnunuzi, na unampunja jirani ambaye gunia lake ni safi likaonekana jepesi. Huyo jirani ndiye niliyekuwa simfikirii. Mahali fulani, Mbeya au Tanga au hapohapo Dar, kulikuwa na kijana mwingine aliyekwama kwenye swali lilelile la vijiji, bila frateri pembeni, akasema "hapa nimekwama," na akaachwa. Simjui. Pengine naye ana mama mwenye shamba.

Ya tatu ndiyo mnayoipenda zaidi, najua: kazini wote wanatumia akili mnemba, kwa nini izuiwe kwenye usaili? Hapa nakubali zaidi ya nusu. Zipo kampuni siku hizi zinazoruhusu, na wakiruhusu, itumie, iweke mezani waione. Mwaka 2025 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York alitengeneza programu ya kumpa mtu majibu kwenye usaili bila msaili kuiona. Chuo kikamsimamisha masomo, lakini wawekezaji wakampa mamilioni ya dola. Ninachotaka mkione ni lile neno "bila kuiona". Kama ni chombo halali cha kazi, mbona ubunifu wote umeenda kwenye kukificha? Seremala hafichi randa yake.

Hapo nilipofika nikaanza kuogopa upande wa pili, kwamba labda mtu mwaminifu anatakiwa aingie kwenye usaili akitangaza udhaifu wake wote. Hapana, na hili ni zuri mlijue kwa sababu limewatesa wengi. Tomaso huyohuyo, swali la 77, anazungumzia muuzaji: je, lazima aseme kasoro ya anachouza? Anatoa mfano wa farasi chongo. Kama chongo linaonekana, muuzaji halazimiki kulitangaza, ilimradi bei iwe ya haki, kwa sababu mnunuzi ana macho. Kasoro iliyofichika, ambayo itamletea mnunuzi hasara au hatari, hiyo lazima aiseme. Nikaipenda sana habari hii. Hulazimiki kumwambia msaili kwamba ulirudia mtihani mwaka wa pili, wala kwamba unatetemeka, wala kwamba umeomba kazi hamsini ukakosa. Kunyamaza kunaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kumbandika farasi jicho la kioo.

Haya yote niliyapanga kichwani baada ya kuku kuliwa. Na mkidhani kwamba nilikwenda kumwambia mdogo wangu, mnanipa sifa isiyo yangu. Nilinyamaza. Aliyeanza ni yeye, kwa mama mdogo tena, chini ya mkorosho, siku moja kabla ya mazungumzo na mkurugenzi. Akaniambia hajalala vizuri, anafikiria kuwaandikia. Na mimi, mwanafalsafa wa ukoo, nikamwambia aache. Nikamwambia ameshapita, ataenda kuungama, Mungu ni mwenye huruma, na lile la Dijkstra atalisoma vizuri akishaingia kazini. Nilisema kwa sauti ya upole kabisa, ile tunayofundishwa.

Akatikisa kichwa. "Frateri, kwenye programu kuna kitu tunakiita kumeza kosa. Kosa limetokea, badala ya kuliacha lipige kelele, unaandika mistari ya kulinyamazisha. Programu inaendelea kukimbia. Inaonekana nzima. Kumbe ndani data inaharibika, na siku ukigundua hujui tena iliharibikia wapi."

Akanikumbusha kesi ya Posta ya Uingereza, ambayo walifundishwa chuoni. Mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulikuwa unaonyesha upungufu wa fedha kwenye ofisi ndogo za posta. Wasimamizi wa ofisi hizo wakashtakiwa wizi na udanganyifu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, na fedha zilizodaiwa kupotea mara nyingi hazikuwa zimepotea popote isipokuwa ndani ya kompyuta. Kwa miaka mingi Posta ilisisitiza kwamba mfumo ni imara. "Sasa mimi," akasema, "nikianza kazi kwa kumeza kosa, siku mfumo wangu ukimwonyesha mzee wa chama kwamba ana upungufu wa magunia, nitapata wapi mdomo wa kusema tumekosea?"

Katekisimu namba 2487 inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi, hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Niliujibia mtihani kifungu hicho. Yeye hajawahi kukisoma.

Aliandika barua pepe ya mistari sita. Hakunitaja. Alisema swali la kwanza lilikuwa lake, swali la pili alisaidiwa, anaomba radhi, na kama wanaweza wampe swali jingine wakati wowote. Bando lilikuwa limebaki kidogo, mtandao wa jioni mnaujua, barua ikazunguka weee. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kwenye skrini, nyuma ya ukurasa wa barua, kulikuwa na picha ya Mtakatifu Carlo Acutis, yule kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Vijana wengi wa kompyuta wamemfanya msimamizi wao. Siku ya usaili picha hiyo ilikuwepo palepale, na mimi niliipiga picha pamoja na swali la vijiji. Iko kwenye simu yangu mpaka sasa.

Majibu yalikuja baada ya siku nne. Walimshukuru kwa uwazi wake, wakasema hawataendelea naye kwa nafasi hiyo. Basi.

Mama mdogo hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Nilimwamkia asubuhi, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba kama kawaida, akaniwekea chai na mihogo, akakaa. Kisha akauliza, "Huko seminari ndiyo mnafundishwa kumkosesha mtu kazi?" Nikajaribu kumweleza. Nikamtajia hata mchanga, maana mama huyu katika maisha yake hajawahi kutia mchanga kwenye ufuta wake, na anajivunia hilo kanisani na sokoni. Akaniangalia.

"Mchanga ni mchanga," akasema. "Kusoma kwenye simu ni kusoma."

Nimelibeba neno hilo mpaka seminarini. Nina majibu matatu ya kulijibu, na yote ni sahihi, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kumwambia mtu ambaye mikono yake imepasuka kwa kufunga miganda ya ufuta. Ninachoweza kusema ni kwamba yeye hakukosea kutaka mtoto apate kazi. Na deni la kwanza la ukweli lilikuwa langu, usiku ule barazani, ambapo ningeweza kusema "hapana, ila nitakaa nawe na nitasali," nikanyamaza. Mdogo wangu angeingia akiwa na nusu ya Dijkstra. Pengine nusu ingetosha. Hatutajua.

Siku hizi, nikisoma sura ya 21 ya Yohane, naiona kama usaili. Petro, ambaye kabla ya Mateso alitamba kwamba hata wengine wote wakianguka yeye haanguki, anaulizwa pale ufukweni kama anampenda Bwana kuliko hawa wengine. Safari hii hajilinganishi na mtu. Anajibu kwa alichonacho, na anamwachia Bwana ajuaye yote akipime. Anaulizwa mara tatu, inamchoma, na bado haongezi chumvi.

Mdogo wangu ameomba tena, serikalini na kwingine. Jioni tunapigiana simu, ananiomba nimsaili. Mimi kodi siijui, kwa hiyo naweza kuuliza swali moja tu: kwa nini? Anaeleza, nauliza tena kwa nini, anaeleza. Juzi tulifika kwenye zile barabara zenye gharama hasi, akaenda vizuri, kisha akasita.

"Hapa sijui, Frateri. Ngoja nikasome."

Akakata simu.